Injini na sabfremu ya Corolla kwenye banda la nyumbani: gari litashikwa na nini?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla NZE121 ya mwaka 2003, injini 1NZ, giaboksi otomatiki. Inakula oili karibu lita moja kila kilomita 1,000, na asubuhi inatoa moshi wa bluu. Nimepata injini ya mtumba. Naishi Tanga, si mbali na bahari, na nilipoingia chini nikakuta sabfremu, ile fremu ndogo ya chini mbele, imeliwa na kutu mpaka wishiboni ya kulia (mkono wa chini unaoshika gurudumu) inacheza. Nimepata sabfremu nyingine kutoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe kwenye banda langu, sakafu ni zege. Nina jeki ya magurudumu ya tani 2, stendi mbili, na chenibloku (winchi ya mnyororo) ya tani 1 ya kuazima. Rafiki yangu anasema nifungue boluti za sabfremu, nishushe kila kitu kwa pamoja na kukivuta nje. Shemeji anasema injini tuinyanyue kwa mwembe ulio uani. Mke wangu anasema gari litaniua. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Kati ya hao watatu, aliyeliona jambo lenyewe ni mkeo. Rafiki na shemeji wanabishana injini itokee chini au juu. Yeye anauliza, kwa maneno yake, gari litashikwa na nini wakati wewe uko hapo. Swali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Kwa vifaa ulivyonavyo, usishushe vyote kwa pamoja, na mwembe uache uzae maembe. Toa injini na giaboksi kwa juu kwanza, kisha shusha sabfremu ikiwa tupu. Ni kazi mbili badala ya moja, na katika zote mbili uzito unaoning'inia ni ule unaoweza kuumudu.

Kabla ya hayo, niruhusu nikuulize kuhusu huo moshi. Je, unatoka asubuhi tu unapowasha, kisha unapotea? Moshi wa namna hiyo mara nyingi unatokana na sili za valvu zilizokakamaa: oili huchuruzika usiku kupitia shina la valvu na kuungua unapowasha. Sili hizo hubadilishwa injini ikiwa ndani ya gari. Ukitoka pia unapokanyaga mafuta kupanda mlima, basi mtuhumiwa ni ringi za pistoni, hasa ile ya oili iliyoziba kwa masizi. Usidanganywe na kipimo cha kompresheni peke yake, kwa sababu kinapima ringi za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imekwama kabisa na kipimo kikasoma vizuri. Angalia pia valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, ambayo ni kitu cha bei ndogo na ikikwama huifanya injini ivute oili. Lita moja kwa kilomita 1,000 ni nyingi, na sitashangaa ikiwa ni ringi. Lakini injini ya mtumba nayo ina ringi za mtumba. Kabla hujaifunga, fungua kifuniko cha oili, ingiza tochi na utazame. Ukiona utando mweusi mzito kama lami, umenunua ugonjwa uleule ulio nao.

Sasa turudi kwa rafiki yako. Hajasema uongo. Corolla yako haina chasisi ndefu kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba. Sabfremu, ambayo mafundi wengine huiita krosimemba, ni fremu ndogo iliyofungwa chini mbele, na ndiyo inayoshika wishiboni, raki ya stelingi na baadhi ya maunti (vishikizo) za injini. Katika viwanda vingi vya magari, injini, giaboksi na sabfremu huunganishwa pembeni, kisha bodi huletwa juu yake na vyote hufungwa kutokea chini. Wafanyakazi wa viwandani huiita hatua hiyo ndoa. Kwa hiyo kuvishusha ni kurudisha njia ileile, na kwenye gereji yenye lifti ya nguzo mbili hiyo ni njia nzuri mno.

Kinachosahaulika ni kwamba ukishusha injini, kazi halisi ni kulinyanyua gari. Injini na giaboksi zikishakaa kwenye kitoroli, kutoka sakafuni hadi sehemu ya juu kabisa ni kama sentimita 70, na ili kuvivuta nje lazima chini ya bampa pawe na nafasi inayozidi hapo. Stendi za kawaida za madukani, zile za tani 2 au 3, huishia karibu sentimita 40. Hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta matofali.

Matofali ya saruji ni jambo nisiloweza kulisema kwa upole. Tofali hubeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa juu yake sawasawa. Ukiweka mguu wa stendi au kona ya jeki, uzito wote unakutana mahali padogo, tofali linapata ufa ndani usioonekana, halafu linapasuka ghafla bila kulia. Chuma hupinda kwanza na kukuonya. Tofali halina onyo. Bodi ya Corolla ikiwa imebaki bila injini bado inazidi kilo 700, na mbavu za mtu haziwezi kuishika hata kwa sekunde moja.

Kuna jambo la pili. Wengi wetu tumezoea kuweka stendi chini ya sabfremu, kwa kuwa ni chuma kinene na kiko karibu. Katika kazi hii sabfremu ndiyo inayoondoka, kwa hiyo stendi zikae kwenye ukingo wa bodi nyuma ya magurudumu ya mbele, pale palipotiwa alama mbili za jeki, na katikati uweke kipande cha mbao ngumu au mpira wenye mfereji ili ukingo usikunjike. Kumbuka pia kwamba gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele lina uzito mwingi mbele. Ukiondoa injini na giaboksi, kitovu cha uzito kinarudi nyuma na mbele panakuwa pepesi. Gari lililokuwa limetulia asubuhi si gari lilelile jioni. Ndiyo maana sitaki uliinue pande zote nne. Magurudumu ya nyuma yabaki chini, yazibwe kwa vigingi mbele na nyuma, na breki ya mkono ivutwe.

Kuhusu mwembe: shemeji ameona gereji nyingi zikifanya kazi chini ya miti, na mimi mwenyewe nilijifunza ufundi kivulini. Mti wa kivuli ni neema, ila tawi la kubebea mzigo ni kitu kingine. Tawi la mwembe linaweza kuwa limeoza katikati huku gome likiwa zima. Mzigo ukianza kuyumba, nguvu inayolifikia tawi huzidi uzito wa injini. Paa la banda lako nalo usilifikirie. Mbao zile zilikatwa kwa ajili ya mabati, na mabati hayaning'inii mahali pamoja.

Kodi kreni ya injini kwa siku moja. Ni ile yenye miguu miwili inayoingia chini ya gari na mkono unaopandishwa kwa jeki ya haidroliki, na kwa kuwa sakafu yako ni zege itateleza vizuri. Soma maandishi kwenye mkono wake. Kreni iliyoandikwa tani 2 hubeba tani 2 mkono ukiwa umefupishwa kabisa, na ukiuvuta hadi mwisho mara nyingi inabaki na nusu tani tu. Kwako inatosha. Injini ya 1NZ na giaboksi yake haifiki kilo 200, lakini wewe panga kwa kilo 200. Chenibloku ya kuazima irudishe kwa mwenyewe na shukrani.

Sasa kazi yenyewe. Ukishatoa presha ya mafuta, kama nitakavyoeleza katika aya inayofuata, ondoa betri, ukianza na hasi. Toyota hutaka usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha mifuko ya hewa, kwa sababu mfumo wake huhifadhi umeme kwa muda. Kisha nyoosha usukani, toa ufunguo ujifunge, na ukiweza uufunge kwa mkanda wa kiti. Hili si urembo. Chini ya usukani kuna utepe wa waya uliokunjwa kama springi ya saa, ndio unaopeleka umeme kwenye mfuko wa hewa wa dereva. Utepe huo huruhusu usukani uzunguke mara mbili na nusu hivi kila upande. Ukitenganisha shafti ya stelingi na raki, halafu mtoto akaingia ndani na kucheza na usukani, utepe unakatika. Utamaliza kazi yote vizuri, kisha taa ya mfuko wa hewa iwake na isizime.

Mafuta yana presha ya kama bar 3 kwenye bomba hata gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo, kabla ya kuondoa betri, chomoa relei ya pampu ya mafuta, washa injini na uiache izime yenyewe, ujaribu kuiwasha tena mara moja, ndipo uendelee. (Msomaji mwenye injini ya D-4, yaani inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, asiichukue aya hii kuwa yake. Upande wa presha kubwa wa injini hizo unapita bar 80, na mafuta ya presha hiyo hupenya ngozi.) Gesi ya AC usiifungue kabisa. Kompresa ina boluti chache tu. Ifungue na hozi zake zikiwa zimeungwa, uifunge kwa kamba pembeni. Gesi ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikikugusa jichoni unaweza kupoteza jicho.

Kulanti imwage injini ikiwa baridi, kwenye chombo chenye kifuniko. Ina utamu, na mbwa, kuku au mtoto akiilamba ni sumu.

Halafu zinakuja waya, na hapa ndipo kazi nyingi za mtaani zinapoharibikia. Nimeona injini zilizotolewa kwa dakika 40 kwa sababu fundi alikata mtandao wa waya kwa koleo akasema ataunga baadaye. Waya ulioungwa kwa kusokota na kuzungushiwa tepu utakutesa miaka mitatu: leo sensa inakata, kesho gari linagoma mvuani. Kila soketi ina klipu ya kubonyeza, na kwenye gari la miaka ishirini na zaidi plastiki imekauka, kwa hiyo bonyeza kwa kidole na usivute waya. Piga picha kabla ya kuchomoa, bandika kipande cha tepu chenye namba upande huu na upande ule. Tenga nusu siku kwa ajili ya waya peke yake na usione umepoteza muda.

Shafti za magurudumu zina ujanja wake. Wengi hukimbilia ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu. Kwa hatua ya kutoa injini, iache. Tenganisha boljointi ya chini, sogeza habu nje, kisha chokonoa ncha ya ndani ya shafti itoke kwenye giaboksi. Usiivute kwa kushika katikati, jointi ya ndani itaachana. Weka beseni, maana oili ya giaboksi itamwagika. Faida ya kuiacha nati ni kwamba ndiyo inayoshikilia beringi ya gurudumu. Gari likisimama au kusukumwa kwa magurudumu yake huku nati imelegea, beringi huharibika kimyakimya. Ikibidi kuifungua baadaye, ikazwe kwa kipimo chake, ambacho kwa gari kama lako ni zaidi ya Nm 200, kabla gurudumu halijabeba uzito.

Sasa kuning'iniza. Tumia masikio ya kunyanyulia yaliyofungwa kwenye injini, mawili, upande huu na upande ule, na mnyororo usiwe umetandazwa sana. Minyororo miwili ikisimama karibu wima, kila mmoja hubeba nusu. Ikilala hadi nyuzi 30 kutoka mlalo, kila mmoja unabeba uzito mzima wa injini, ingawa injini haijaongezeka hata gramu moja. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunji hadi leo. Nilikuwa kijana, injini ilining'inizwa kwa sikio moja, ikageuka ghafla ilipoachia maunti ya mwisho, na mkono wangu ulikuwa kati yake na bodi. Kwa hiyo iongoze kwa kipande cha mbao, si kwa mkono. Pandisha sentimita tano, simama, zunguka gari lote ukitafuta waya au hozi uliyoisahau. Daima kuna mmoja. Ikishatoka, ishushe mara moja karibu na sakafu. Usitembee na injini iliyo juu usawa wa kifua cha mtu.

Giaboksi itenganishe chini. Kwa otomatiki, fungua kwanza boluti zinazounganisha toki konveta (chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) na injini, na konveta ibaki na giaboksi. Wakati wa kurudisha, isukume huku ukiizungusha mpaka uhisi ikiingia hatua kwa hatua hadi mwisho. Ikiwa haijaingia yote na ukaikaza kwa nguvu ya boluti, unavunja pampu ya giaboksi kabla hata hujawasha. Na kwa kuwa injini ya mtumba iko wazi mbele yako, badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na thamostati sasa hivi.

Hapo gari ni jepesi mbele na sabfremu iko peke yake na raki na wishiboni. Inua mbele, weka stendi kwenye alama nilizotaja, kisha sukuma gari kwa bega kutoka ubavuni, kwa nguvu, wewe ukiwa nje. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya. Likitulia bila kutikisika, tenganisha shafti ya stelingi, tairodi na viungo vya upau wa kuzuia kuyumba, halafu weka jeki katikati ya sabfremu na mbao juu yake. Kabla ya boluti ya kwanza, zungushia alama ya rangi pale sabfremu inapokutana na bodi. Matundu ya boluti ni makubwa kuliko boluti, na milimita chache za kukosea zitakupa usukani uliopinda na tairi linalolika upande mmoja.

Boluti hizo ndizo ninazoziogopea kwako kuliko kitu kingine, kwa sababu ya chumvi ya Tanga. Zinaingia kwenye nati zilizochomelewa ndani ya reli za bodi, mahali usipopaona. Zipulizie oili ya kulegeza kutu kwa siku tatu, asubuhi na jioni. Siku yenyewe, kaza kidogo kwanza, kisha legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena. Usitie bomba refu kwenye spana ukalipigania. Boluti ikikatika au ukahisi inazunguka bila kutoka, nati imeachia ndani. Acha hapohapo. Inabidi kukata dirisha dogo kwenye reli na kuchomelea upya, na hiyo ni kazi ya mchomeleaji anayezijua bodi za magari. Vivyo hivyo, ukichokonoa reli kwa bisibisi ikapenya, usiifunge sabfremu nzima kwenye bodi iliyooza.

Sabfremu ya mtumba ipime kwa futi, kona kwa kona, kulia na kushoto, uilinganishe na ya zamani. Kuchagua ya gari lililogongwa nyuma ulifanya vema.

Wakati wa kurudisha, sabfremu itangulie, ikae kwenye alama, ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo. Boluti za bushi za wishiboni, hata hivyo, zishike kwa mkono tu. Bushi hii haizunguki kwenye mhimili wake. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na wishiboni ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojikunja. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, umeufunga mpira katika hali hiyo. Gari likishuka chini linausokota, na unabaki umesokotwa kila saa ya maisha yake. Baada ya miezi michache umepasuka, nawe unailaumu spea. Kaza zile boluti gari likiwa limesimama kwa uzito wake, injini ikiwa imesharudi.

Ukiwasha mara ya kwanza, hakikisha oili imo, kama lita 3.7 pamoja na filta mpya. Ukiwa bado umechomoa relei ya mafuta, zungusha kwa starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe relei. Endesha polepole moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kupimia mwelekeo wa magurudumu, hata kama gari linaonekana kwenda sawa. Taa ya mfuko wa hewa ikibaki inawaka, usichokoze soketi za njano kwa tochi ya kupimia umeme; mpelekee fundi mwenye kompyuta. Baada ya wiki moja rudi chini na ukague boluti za sabfremu tena.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini nenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na hati za manunuzi ili kadi irekebishwe. Fanya hivyo kabla hujasimamishwa barabarani au kabla hujataka kuuza.

Na shemeji, kwa kuwa yuko tayari kusaidia, mpe kazi ya kupampu kreni huku wewe ukiiongoza injini. Siku hiyo usiwe peke yako bandani hata kwa dakika moja.